Jicho Limetangulia, Mkono Umebaki Nyuma

Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya nguvu ambazo mikono ya madaktari hutumia katika upasuaji wa retina, ule utando ulio nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Robo tatu ya nguvu hizo zilikuwa chini ya milinyutoni 7.5, pungufu ya uzito wa punje tatu za mahindi. Kati ya miguso ya kiwango hicho, ile ambayo madaktari waliihisi vidoleni ilikuwa asilimia 19 hivi. Iliyobaki waliitambua kwa macho peke yake: waliona tishu ikivutika, kivuli kikisogea, kimkunjo kikitokea, ndipo wakajua kwamba ncha ya chombo imegusa. Hadubini ya chumba cha upasuaji iliwaonyesha kila kitu waziwazi, huku vidole vyao havina habari.

Nimeanza na takwimu hizo kwa sababu mazungumzo kuhusu vifaa vya kuvaa vinavyompeleka binadamu kwenye ulimwengu wa vitu vidogo mno huanza karibu kila mara na picha. Tunaonyeshwa miwani mipya, kamera ya kichwani, lenzi ya kubandikwa jichoni, kisha tunaulizwa kama si ajabu kuona chembe ya damu ukiwa umesimama tu. Ni ajabu kweli. Lakini kuona tumekuwa tukikukuza kwa zaidi ya miaka 350, ilhali kugusa tumeanza kukukuza miaka ya 1990. Pengo kati ya hisi hizo mbili ndilo linaloamua kifaa kipi kitamsaidia mtu kufanya kazi na kipi kitabaki kuwa cha maonyesho. Hoja yangu ni kwamba kila ukuzaji wa macho una gharama inayolipwa na mkono, na vifaa vinavyofaa kupiganiwa ni vile vinavyourudishia mkono haki yake.

Jicho zima la mtu mzima, likiwa sentimita 25 kutoka kwenye kitu, hutenganisha nukta mbili zilizoachana kwa takribani sehemu moja ya kumi ya milimita. Unywele wa kichwani una unene usiofika hapo, nao tunauona kwa kuwa ni mrefu na rangi yake inajitenga na mandhari. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 au 8, na kimelea cha kifua kikuu kina urefu wa maikromita 2 hadi 4. Hapo jicho tupu halifiki hata likaze vipi.

Aliyelifikisha mbali kwa mara ya kwanza hakuwa mwanachuoni. Antonie van Leeuwenhoek alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa katika mji wa Delft, Uholanzi, na wenye biashara hiyo walitumia vioo vya kukuza kukagua nyuzi. Alisaga lenzi zake mwenyewe, vijitone vya kioo alivyovibana katikati ya vibati viwili vya chuma, na moja kati ya zilizosalia hukuza mara 270 hivi. Mwaka 1676 aliiandikia Royal Society ya London kueleza viumbe vidogo alivyoviona majini. Wanahistoria husisitiza ubora wa lenzi zake. Mimi huvutiwa zaidi na namna alivyozitumia: kifaa kilitoshea kiganjani, kikashikwa karibu kabisa na jicho, na kitu kinachotazamwa kikachomekwa kwenye sindano iliyosogezwa kwa skrubu. Mkono, kioo na jicho vilikuwa kitu kimoja. Hadubini za mezani zilizokuja kutawala baadaye zilivunja umoja huo, zikamtaka mtu aifuate mashine ilikosimama, ainamishe shingo na kutulia.

Gharama yenyewe inaonekana vizuri zaidi katika maabara ya zahanati kuliko katika kitabu cha fizikia. Mtaalamu wa maabara anayetafuta vimelea vya malaria huweka tone nene la damu kwenye slaidi, hulipaka rangi ya Giemsa, hulidondoshea mafuta maalumu na kutazama kwa ukuzaji wa mara 1,000. Kwa ukuzaji huo, duara analoliona, yaani fildi moja, lina kipenyo cha takribani moja ya tano ya milimita. Kina kinachoonekana sawasawa hakifiki maikromita moja, hivyo kidole chake hakitoki kwenye skrubu ndogo ya kusawazisha. Kila mara anaizungusha mbele na nyuma ili kimelea kilichokaa chini kidogo ya mwenzake kisimpite. Kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea, mwongozo unamtaka apitie fildi 100. Fildi 100 za tone nene zina damu ya takribani robo ya maikrolita. Damu yote ya mtu mzima ni lita 5 hivi, kwa hiyo jibu linalomrudisha mgonjwa nyumbani limetokana na sehemu moja kati ya milioni 20 ya damu yake. Anayefanya hivyo kwa slaidi ya arobaini ya siku, saa tisa alasiri, amechoka macho na shingo, anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa.

Hivyo ndivyo ukuzaji unavyokula. Ukiongeza ukubwa, unapunguza eneo, unapunguza kina, unapunguza mwanga, na unakuza kila mtikisiko pamoja na kitu chenyewe. Kifaa cha mezani huvumilia hayo kwa kuwa meza haipumui. Kifaa cha kuvaliwa kimekaa juu ya mwili ambao unapumua, moyo wake unadunda na mikono yake inatetemeka kidogo mara 8 hadi 12 kila sekunde hata kwa mtu mwenye afya njema kabisa. Ndiyo maana miwani ya upasuaji, yenye vijidarubini viwili vilivyopachikwa mbele ya vioo, hukaa zaidi kati ya mara 2.5 na mara 6. Kiwandani wanaweza kutengeneza zaidi ya hapo, ila kichwa cha binadamu hakitulii vya kutosha kutumia zaidi ya hapo. Anayehitaji ukubwa zaidi huiacha miwani na kurudi kwenye hadubini iliyofungwa kwenye mkono wa chuma, kama ilivyokuwa mwaka 1921 pale Carl-Olof Nylén wa Stockholm alipoanza kutumia hadubini kupasua sikio.

Wapo waliojaribu kulisogeza jicho mbele zaidi bila uzito wa kichwani. Mwaka 2015 Eric Tremblay na wenzake walionyesha lenzi ya kuvaliwa juu ya mboni yenye vioo vidogo ndani yake, inayokuza mara 2.8, ikiambatana na miwani inayotambua mkonyezo wa jicho moja ili kuwasha na kuzima ukuzaji. Ilikusudiwa hasa watu wanaopoteza uoni wa katikati kwa sababu ya uzee. Mara 2.8 ni kidogo, na bado ni mafanikio makubwa, kwa sababu lenzi yenyewe ina unene wa milimita moja na nusu hivi. Atakayetuahidi kwamba lenzi ya namna hiyo itamwonyesha mtu bakteria akiwa anatembea barabarani atuambie kwanza ameifanyia nini mitetemo ya kichwa.

Sasa tuje kwenye vidole, ambako habari ni tofauti na wengi wanavyodhani. Ukimbonyeza mtu ncha mbili kwenye ncha ya kidole naye ametulia, atazitambua kuwa ni mbili zikiwa zimeachana kwa milimita 2 hivi. Kwa kipimo hicho kidole ni butu kuliko jicho. Lakini kiache kidole kiteleze. Mwaka 2013 watafiti wa taasisi ya KTH ya Stockholm walitengeneza nyuso zenye vimikunjo vya kimo tofauti, wakawaomba watu wazipapase bila kuziona. Watu hao waliweza kutofautisha uso laini kabisa na uso wenye vimikunjo vya kimo cha nanomita 13. Kimo hicho ni chini ya unene wa unywele kwa zaidi ya mara 5,000, na hakuna jicho wala miwani ya kawaida inayokisogelea. Hadubini ya kawaida ya mwanga huishia kwenye nanomita 200 hivi, mpaka ambao Ernst Abbe aliueleza mwaka 1873.

Siri iko kwenye mwendo. Kidole kinapoteleza, msuguano hugeuka mtetemo, michirizi ya ncha ya kidole huusaidia mtetemo huo, na vipokezi vilivyo ndani ya ngozi huudaka. Vile viitwavyo vipokezi vya Pacini husikia zaidi mitetemo ya karibu mara 250 kwa sekunde, hata ikiwa midogo kuliko maikromita moja. Mwaka 2021 Ardem Patapoutian alishiriki Tuzo ya Nobel kwa kugundua protini zinazofunguka seli inaposukumwa, na mojawapo, PIEZO2, ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mguso wa namna hii. Kwa hiyo mwili tayari umevaa kifaa cha hali ya juu. Fundi seremala anayefumba macho na kupitisha kiganja kwenye ubao baada ya kupiga msasa anakitumia kila siku.

Kwa nini basi daktari wa retina hahisi? Kwa sababu kati ya kidole chake na tishu kuna glavu, mpini, na chombo chembamba kinachopita kwenye tundu lililotobolewa kwenye ukuta wa jicho. Msuguano wa chombo na ukuta ule ni mkubwa kuliko nguvu iliyoko nchani. Kile anachokihisi mkononi ni ukuta wa jicho, na retina imefunikwa na kelele hiyo. Kumpa kidole chenye hisi kali zaidi hakutasaidia, kutamkuzia kelele.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliliona hilo, wakapeleka kipimo ndani. Walipachika nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga kwenye chombo chenye kipenyo cha nusu milimita, karibu na ncha, upande wa ndani wa tundu. Chombo kikipinda hata kidogo, rangi ya mwanga unaorudi hubadilika, na badiliko hilo hupima nguvu hadi robo ya milinyutoni. Kisha swali likawa habari hiyo impelekee daktari kupitia wapi. Jaribio moja lilitumia sauti: nguvu ikipanda, mlio unabadilika. Katika mazoezi ya upasuaji wa kuigiza, sauti iliwasaidia watu kupunguza nguvu walizotumia. Nalipenda jaribio hilo kwa unyenyekevu wake, kwa kuwa halikudai kurudisha mguso. Lilimpa daktari habari kupitia mlango uliokuwa wazi.

Njia nyingine, iliyo karibu zaidi na mada yetu, ni ya George Stetten na wenzake huko Pittsburgh, waliyoieleza mwaka 2011. Kifaa chao huvaliwa mkononi. Kipimo kidogo huhisi nguvu kati ya ncha ya chombo na mpini, kisha sumaku ya umeme huusukuma mpini huohuo kwa nguvu kubwa zaidi, ikijiegemeza kwenye fremu iliyofungwa juu ya mkono wa mtumiaji. Ncha ikiguswa kidogo, vidole vinasukumwa sana. Hakuna roboti kubwa wala chumba maalumu. Naona kifaa cha namna hii ndicho ndugu halisi wa miwani ya upasuaji: kinakuza, kinavaliwa, na kazi inabaki mikononi mwa mtu mwenyewe.

Mfano ulionifundisha zaidi kuhusu uhusiano wa hisi hizi mbili ni wa zamani kidogo. Mwaka 1993 Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, kilitangaza mfumo ulioitwa nanoManipulator. Ulijengwa juu ya hadubini isiyotumia mwanga, ile ambayo Gerd Binnig na Heinrich Rohrer waliivumbua mwaka 1981 na kupata Nobel mwaka 1986: sindano yenye ncha kali kupita kiasi hupita karibu mno na uso na kufuata umbo lake. Mtumiaji alivaa skrini machoni, akauona uso wa kitu umetandazwa mbele yake kama nchi yenye vilima, umekuzwa mara milioni, huku mkono wake umeshika fimbo ya mashine iliyosukuma kila sindano ilipokutana na kilima. Baadaye watafiti walitumia mfumo huo kusukuma chembe za dhahabu na kukunja mirija ya kaboni.

Jambo lililojitokeza katika matumizi yale linapaswa kusomwa na kila anayebuni vifaa hivi leo. Sindano ilikuwa moja. Ikiwa inachora picha, haisukumi. Ikiwa inasukuma, haichori. Kila mtu alipoanza kusogeza chembe, picha iliyo mbele ya macho yake ilikuwa tayari ya zamani, na kwa kuwa kila kitu katika kiwango kile huteleza polepole kwa joto la chumba, chembe haikuwa tena pale picha ilipoionyesha. Aliyeitegemea picha aliikosa. Mkono ndio uliompeleka mahali: alipapasa mpaka akahisi mgongo wa chembe, ndipo akaanza kazi. Skrini ya kuvaa, iliyoonekana kuwa ndiyo ajabu yenyewe, ilikuwa ramani tu.

Hapa kuna pingamizi zito linalohitaji nafasi yake. Kwa nini tumvalishe mtu chochote? Kamera ione, kompyuta ihesabu, mtu asome jibu. Na katika kazi nyingi pingamizi hilo ni sahihi. Ukanda wetu una ushahidi wake. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Pemba, ambako simu ya mkononi ilibandikwa lenzi ya duara ya milimita 3 kwa utepe wenye gundi pande mbili, ikatumiwa kutazama slaidi za vinyesi vya watoto wa shule. Kwa mayai ya mchango ilitambua asilimia 81 ya sampuli zilizothibitishwa kuwa nayo kwa hadubini ya kawaida. Kwa minyoo mjeledi asilimia 54. Kwa safura asilimia 14 tu. Yai la safura lina ganda jembamba lisilo na rangi, na kwenye slaidi ya aina ile hupotea lisipotazamwa mapema. Nani atakayesoma habari za simu iliyogeuzwa hadubini akumbuke asilimia 14? Lakini safura ndiyo inayomkausha mtoto damu.

Simu ya Pemba ilikuwa bado inategemea jicho la mtu. Kilichofuata kimeliondoa. Kifaa cha LoaScope, kilichotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kutumiwa Kameruni, huchukua video ya tone la damu na kuhesabu vibuu vya mnyoo wa loa kwa kutazama chembe za damu zinavyosukumwasukumwa. Hakitafuti umbo la mnyoo, kinatafuta msukosuko. Jibu lake hutoka kwa dakika chache, nalo ni la uhai: mtu mwenye vibuu vingi mno vya loa akipewa ivermectin ya usubi anaweza kuzimia na hata kufa. Misitu ya Kongo ina tatizo hilohilo. Na kule Bagamoyo, Taasisi ya Afya ya Ifakara imeshirikiana na Chuo Kikuu cha Bath na kampuni ya Bongo Tech & Research Labs ya Dar es Salaam kuijaribu OpenFlexure, hadubini ya plastiki inayochapwa kwa printa, ambayo meza yake husogea kwa plastiki kujikunja bila vyuma kusuguana na hivyo hupiga hatua ndogo kuliko maikromita moja. Inaweza kuzipitia fildi yenyewe, moja baada ya nyingine.

Kwa kazi za kuhesabu, basi, jibu langu ni kwamba mtu asivalishwe kitu. Mtaalamu wa maabara apunguziwe zile fildi 100, abakiziwe hukumu. Hata pale anapobaki kwenye hadubini, kuna njia za kumsaidia bila kumtoa: mwaka 2019 watafiti wa Google walieleza hadubini inayochora mstari wa rangi kuzunguka seli zinazoshukiwa kuwa za saratani, ndani ya picha ileile anayoiona daktari, wakati uleule anaposogeza slaidi.

Kifaa cha kuvaa kina haki ya kuwepo pale tu ambapo lazima mkono utende. Kushona mshipa wa damu kwa uzi namba 10-0, ambao unene wake ni maikromita 20 na kitu. Kumenya utando wa maikromita chache juu ya retina. Kubadilisha kijenzi kwenye saketi ya simu. Huko picha bora bila mguso humpa mtu ujasiri ambao mkono wake hauwezi kuulipa.

Na hapo ndipo tatizo gumu kuliko yote linapotokea, kwa sababu ulimwengu mdogo una sheria zake za kugusa. Mtazame fundi simu wa mtaa wa Aggrey, Kariakoo, akiwa ameinamia hadubini yake ya mezani. Kipande anachotaka kukiweka kina urefu wa milimita 0.4 na upana wa 0.2. Anakichukua kwa kibano bila shida, anakipeleka mahali pake, anafungua kibano, na kipande hakitoki. Kimeng'ang'ania ncha. Anakigusisha kwenye fluksi iliyopakwa ubaoni, unyevu wake unakivuta, ndipo kinaachia; akikosea pembe kidogo kinaruka na hakionekani tena. Hajafanya kosa lolote. Kitu kikipunguzwa mara kumi kwa kila upande, uzito wake hupungua mara 1,000 ilhali eneo la uso wake hupungua mara 100 tu. Kadiri tunavyoshuka, uzito hunyamaza na nguvu za uso, yaani umeme tuli, unyevu na mnato, ndizo zinazotawala. Kwa mkono wetu mkubwa, kuokota ni kugumu na kuachia ni bure. Huko chini ni kinyume.

Kwa hiyo glavu inayotuahidi kutufanya tuhisi chembe ya damu au kirusi inatuahidi kitu ambacho hakipo kikiwa kimeiva. Hakuna hisia ya kirusi inayosubiri kukuzwa. Kuna namba kutoka kwenye kipimo, na kuna mhandisi aliyeamua namba ile igeuke msukumo wa kiasi gani, mnato uwe mzito au mwepesi, mtetemo uwe wa kasi ipi. Kiganjani hufika uamuzi wake. Picha nayo hutengenezwa, lakini watu wamezoea kuihoji picha. Hatujazoea kuuhoji mguso. Kitu kilichokusukuma mkono unakiamini kabla hujafikiri. Mbunifu akikuza msukumo mara kumi na mnato mara mbili, anayevaa atajifunza ulimwengu usiokuwepo, kisha ataupeleka ujuzi huo kwenye jicho la mgonjwa.

Ndiyo maana naona kifaa cha mguso kinapaswa kumwonyesha mtumiaji wake kiwango cha ukuzaji, kama lenzi ya sonara ilivyoandikwa 10x ubavuni, na kumruhusu kukibadilisha kwa kidole na kukizima kabisa katikati ya kazi. Ipo pia njia inayokwepa sehemu ya tatizo hili, nayo ni kuupa mguso umbo la picha. GelSight, iliyotoka MIT mikononi mwa Edward Adelson na Micah Johnson, ni kipande cha mpira laini chenye rangi ya metali upande mmoja. Ukikikandamiza juu ya kitu, mpira hushika umbo lake na kamera husoma vimo vilivyo chini ya maikromita moja, hata wino ulioinuka juu ya noti. Na mwaka 2012 kulikuwa na Magic Finger, kifaa cha kuvaliwa kidoleni chenye kamera ya ukubwa wa milimita moja hivi, kilichotambua aina 32 za nyuso kwa usahihi wa karibu asilimia 99. Vyote viwili vinasoma kwa uaminifu. Havimrudishii mtu hisia, vinampa jina la kitu au ramani yake, na kwa mkaguzi wa noti au wa kitambaa hilo linatosha.

Kwa anayeshona na kumenya halitoshi, na hapo kizuizi ni kasi. Jicho huridhika na picha 30 kwa sekunde. Mkono hudai taarifa mara 1,000 kwa sekunde. Zikipungua, ukuta mgumu huhisiwa kuwa laini na fimbo huanza kutetemeka yenyewe. Kipimo, hesabu na sumaku lazima vimalize mzunguko wao ndani ya elfu moja ya sekunde, ndani ya kifaa chepesi kinachovaliwa saa nyingi, kinachoweza kutakaswa vijidudu, kisichomchosha mtu vidole. Mafanikio ya mwaka 2016 kule Oxford, ambako Robert MacLaren alimenya utando wa retina ya mgonjwa kwa kuongoza roboti, yalikwepa sehemu ya shida kwa kumtoa daktari kwenye chombo na kuutuliza mtetemo kwa mashine. Hospitali inayoweza kuinunua mashine hiyo na kuitunza itanunua. Nyingi haziwezi.

Ndipo fikra zangu zinaporudi Kariakoo, na Luthuli Avenue ya Nairobi, na kwenye kila kibanda chenye hadubini, taa ya duara na mashine ya hewa ya moto. Vifaa vya kukuza mguso vimekuwa vikijaribiwa zaidi kwenye vyuo, kwa watu wasio na ustadi wa kazi ndogo au kwa madaktari wachache wenye dakika chache za ziada. Mafundi hawa hufanya kazi ya chini ya milimita moja siku nzima, siku sita kwa wiki, kwenye kitu ambacho kikiharibika hasara yake ni bei ya ubao. Wanajua kipande kikinata kinanata vipi, na wana maneno ya kulieleza. Wape kishikizo kinachokuza nguvu za ncha ya kibano, chenye kitufe cha kubadilisha kiwango, na ndani ya wiki watakwambia ni kiwango kipi kinasaidia, kipi kinadanganya, na ni lini wanakizima. Chuo cha uhandisi cha Dar es Salaam au Nairobi kinaweza kuanza na sumaku, kipimo cha nguvu cha bei nafuu na fremu iliyochapwa kwa plastiki, kwa kuwa kanuni ya kifaa cha Pittsburgh imeandikwa na inasomeka. Ningependa mafundi walipwe kwa jaribio hilo, na majina yao yawekwe kwenye ripoti pamoja na ya wahandisi.